Kicheko cha Nakiru

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huwa naangalia chini hata nikiwa peke yangu chumbani. Umenijia ukitaka nikufundishe kuunganisha picha ili filamu yako iende bila kukwamakwama, na nimekuona unavyokata kwa kidole kwenye simu, haraka haraka, kama una basi la kuwahi. Nitakufundisha. Lakini keti kwanza, tena kalia hicho kiti cha kamba maana cha plastiki kina mguu mbovu, nikueleze nilivyomharibia jina mwanamke mmoja wa Kakuma katika miaka ya sabini, nikiwa kijana wa suruali pana na kichwa kilichojaa sifa.

Mimi si mzaliwa wa huku, unajua. Nilikulia Machakos, nikasomea kazi ya kamera Nairobi, na idara iliyoniajiri ikanituma Turkana mwaka wa ukame nipige filamu fupi kuhusu maisha ya wafugaji. Ikikamilika ingezungushwa kwa gari la sinema, Lodwar, Kakuma, mpaka Kalokol kwa wavuvi. Nilipiga picha mwenyewe na kuzikata mwenyewe. Nilijiona mtu wa maana sana, Mungu anisamehe.

Kakuma hiyo siyo unayoijua wewe, yenye kambi ya wakimbizi na lugha za nchi kumi. Ilikuwa maduka machache, kituo cha polisi, misheni, na laga la Tarach, mto wa msimu, lililokauka mpaka mchanga ukawa unaunguza miguu. Mwenyeji wangu alikuwa mfugaji aliyeitwa Apalokwang. Jina hilo alilipata kwa maksai wake mweupe, maana huku mwanamume huwa na maksai wake mmoja wa moyoni. Humwimbia, humchongea pembe zikae apendavyo, na watu humwita mtu huyo kwa jina la maksai. Kumdharau mnyama yule ni kumtemea mwenyewe mate usoni. Mimi niliambiwa hayo siku ya kwanza, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Mkewe aliitwa Nakiru. Alikuwa mrefu, shingo imejaa shanga, na alikuwa na Kiswahili cha kutosha kwa sababu alipeleka maziwa kwa askari wa kituo. Akicheka alicheka kwa mwili mzima. Macho yalifumba, mdomo ukafunguka wote, na ukaliona pengo la meno ya chini yaliyong'olewa kwa desturi ya kwao. Kicheko chake kilisikika ng'ambo ya laga. Watu walikuwa wakikisikia wanaanza kucheka kabla hawajajua kuna nini.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kazi yetu inapoingia.

Siku moja nilikuwa lagani, nikipiga picha ya Nakiru na wasichana wawili wakichota maji katika kisima walichochimba mchangani. Kamera zetu zile, ukitaka picha isiwe na ukungu, lazima upime kwa utepe kutoka kwenye kamera mpaka kwenye uso wa mtu. Kamera nilikuwa nimeisimamisha kwenye miguu yake mitatu, nikaiachia iendelee kupiga nikidhani naijaribu tu. Nikashika utepe nikaanza kurudi kinyumenyume mbele yake, macho kwenye namba, nikiwapungia mkono wasichana watulie kama mwalimu wa gwaride. Nikaingia kisimani kwa mgongo. Miguu ilibaki juu, suruali yangu ya Nairobi ikajaa tope.

Nakiru alicheka mpaka akashika magoti. Kisha akaja, akanyoosha mkono akanivuta, akanipangusa tope usoni kwa kiganja, huku bado anacheka. Nilimwambia asante, lakini moyoni nilikasirika. Niliwaomba yeye na wenzake wasimwambie mtu. Hawakumwambia mtu. Waliitunza siri ya suruali yangu kuliko mimi nilivyokuja kutunza jina la Nakiru.

Siku chache baadaye yule maksai mweupe alifika mwisho wake. Hapakuwa na nyasi, na alikuwa amebaki mbavu na pembe. Apalokwang alinikubalia nipige picha kwa sababu alitaka mnyama wake asisahaulike, ndivyo alivyosema. Nilimpiga picha akiwa amesimama akitetemeka, na mwenyewe kando yake akiimba kwa sauti ya chini. Katikati ya wimbo kamera ikaishiwa nguvu, maana ilikuwa ya kujazwa kwa ufunguo kama saa ya mezani. Nilipomaliza kuijaza, maksai alikuwa ameshaanguka. Nikampiga picha akiwa chini. Apalokwang alijifunika uso kwa shuka, hata hakuona nani yuko na nani hayuko, na sikuthubutu kumwomba ajifunue. Nakiru hakuwepo. Alikuwa amepeleka maziwa kituoni, na aliporudi alikuta watu wamekaa kimya.

Nairobi, katika chumba cha kukatia, nilikwama hapo. Picha ya kwanza maksai yuko wima, picha ya pili yuko chini. Ukiziunganisha hivyo mnyama anaruka kutoka uhai hadi mauti kwa mara moja, na mtazamaji anazinduka, anakumbuka kwamba anatazama filamu. Dawa yake tulifundishwa, na wewe nitakufundisha hiyo hiyo: katikati weka uso wa mtu anayetazama. Mtazamaji akiona uso, anaamini wakati umepita, na anaamini uso ule unatazama kile alichokiona kabla yake. Hakuna anayemwambia aamini. Anaunganisha mwenyewe kichwani, na kitu mtu alichokiunganisha mwenyewe kichwani ni shida kumtoa.

Nikatafuta uso. Sikuwa nao. Nikaangalia vipande vyangu vyote dhidi ya taa, nikafika kwenye kile cha kisimani. Nilipojiona nikienda kinyumenyume na utepe wangu, nilitazama mlangoni kama kuna mwenzangu anayekuja. Nikachukua mkasi nikajikata nikajitoa. Nikabaki na Nakiru peke yake, karibu na kamera, macho yamefumba, meno nje, mabega yanatikisika. Ukiitazama kwa kitambo kifupi tu, bila sauti, huwezi kujua ni kicheko au ni kilio. Tena alikuwa ameelekea kushoto, na maksai kwenye picha yake alikuwa ameelekea kulia, kwa hiyo zilikaa pamoja kama zilizaliwa pamoja. Nikaziunganisha. Chini yake nikaweka filimbi ya huzuni.

Mimi nilijua ni kicheko. Nataka uelewe hilo, mwanangu, usije ukanionea huruma mahali nisipostahili. Mikono ya yule mwanamke ilikuwa imenitoa kisimani, na nilijua.

Mkuu wangu alipoitazama aliondoa miwani akaifuta. Alisema uso ule ndio moyo wa filamu nzima. Aliwaita wakuu wengine waje waone. Kile kipande nilichojikata sikukitupa, si kwa busara yoyote, ila niliogopa mfagiaji asije akakiokota wakanicheka ofisini. Nilikifungia kwenye droo.

Tulianza kuionyesha hapa Lodwar, uwanjani karibu na ofisi za serikali. Walikuja makarani na wafanyabiashara kutoka bara, na wake zao. Uso wa Nakiru ulipotokea, mama mmoja mwenye duka alisema maskini, maskini, akatoa leso. Nilisimama kando ya projekta nimekunja mikono, nikitazama watu badala ya filamu. Ilikuwa raha yangu ya mwisho katika kazi ile kwa muda mrefu.

Kisha tukaenda Kakuma, mimi na mkuu wangu.

Tulifunga shuka jeupe kati ya Landrova na mgunga, giza likaingia, watu wakajaa. Ilianza vizuri sana. Waliwataja ng'ombe kwa majina, wakawatania wazee waliotokea wakipiga chafya. Maksai mweupe alipotokea wakanyamaza kwa heshima, na nikamsikia Apalokwang akianza kuimba chinichini pale alipokaa. Halafu uso wa mkewe ukajaa shuka zima.

Apalokwang akaacha kuimba.

Wale watu hawakuwa mama wa duka wa Lodwar, mwanangu. Walimjua Nakiru tangu siku alipoolewa. Kicheko kile walikuwa wakikisikia kila asubuhi, na ukimjua mtu hivyo huhitaji sauti. Waliona mke wa Apalokwang akicheka kwa mwili mzima, halafu wakamwona maksai wa mumewe yuko chini. Hayo ndiyo niliyowaandalia, na hayo ndiyo waliyoyaona.

Apalokwang alisimama, kivuli chake kikaangukia shuka. Alimuuliza mkewe kitu kwa Kiturkana. Nakiru alijibu, akanielekezea mimi kidole. Watu wakaanza kuzungumza wote pamoja. Mkuu wangu akaniuliza kuna nini, nikasema sijui. Ndipo akaja mzee Ekal, mjomba wake Apalokwang, mtu aliyewahi kuwa askari wa keya, jeshi la mkoloni, na aliyezoea Kiswahili cha kambini. Alisimama kwenye mwanga wa projekta akaniuliza mbele ya kila mtu.

"Kijana, hii mama alikuwa nacheka nini?"

Ningesema pale pale, ingekwisha. Sentensi moja tu, kwamba nilianguka kisimani na alikuwa ananicheka mimi. Lakini mkuu wangu alikuwa amesimama begani mwangu, yule aliyefuta miwani kwa ajili ya uso ule. Nikaona suruali yangu imejaa tope, nikaona ofisi nzima inacheka.

"Analia, mzee," nikasema. "Hicho ni kilio."

Mzee Ekal alinitazama. "Mimi najua kilio ya Nakiru," akasema. "Alipoteza watoto hapa. Nilisikia hiyo kilio. Hii si kilio."

Akaondoka kwenye mwanga. Filamu ikaendelea mpaka mwisho, na hakuna aliyeitazama.

Asubuhi yake Nakiru alipita penye Landrova yetu amebeba ngozi yake ya kulalia na kibuyu. Mumewe alikuwa amemwambia arudi kwa baba yake, upande wa Lokiriama, huko mpakani. Hakuwa analia. Aliweka mzigo chini, akaja mpaka nilipokuwa nafunga sanduku la projekta.

"Mimi nilikutoa kwa shimo," akasema. "Wewe unaogopa nini?"

Mkuu wangu alikuwa hatua chache tu akinywa chai. Nilimwambia Nakiru kwamba filamu ni ya serikali, mimi ni mfanyakazi tu, siwezi kubadilisha kitu. Niliyasema hayo kwa Kiswahili kizuri sana. Alisubiri kidogo kuona kama nina lingine. Kisha akajitwika mzigo wake akashika njia. Nimeishi miaka mingi, nimezika wazazi na mke, lakini bado ninapoona mwanamke anatembea na mzigo kichwani kwenye barabara ile ya magharibi, ninajisikia mdogo mpaka natamani ardhi inifiche.

Mzee Ekal alinifuata nyuma ya gari. Hakunifokea. Alikaa kwenye kikalio chake cha mti, kile wanachotembea nacho wazee, akaniuliza taratibu.

"Hii kitu yako naonyesha macho ya mtu. Haionyeshi kitu hiyo macho naona. Hiyo kitu iko wapi?"

Nikashindwa kumdanganya mara ya pili. Nikasema niliikata.

"Ulikata ukaweka wapi?"

"Nairobi. Kwenye droo."

Nikamweleza yote, kisima, utepe, suruali. Alisikiliza mpaka mwisho. "Ni aibu ya kuanguka tu?" akauliza. Nilisema ndiyo. Alitikisa kichwa kwa muda mrefu, na ile ilikuwa adhabu kubwa kuliko viboko vya shule.

Nikamwomba amweleze Apalokwang. Akasema wale wasichana wa kisimani walikwisha kueleza usiku ule, na Nakiru mwenyewe ameeleza, na Apalokwang amekataa maneno. "Yeye aliona na macho. Enda ulete ingine, aone na macho."

Ningependa kukuambia nilirudi wiki iliyofuata. Sikurudi. Nilikuwa na droo yenye ufunguo na mkuu anayenisifu, na kila siku nilijiambia kesho. Mvua zilinyesha, nyasi zikaota Turkana, na Nakiru alikuwa bado Lokiriama akichunga mbuzi wa baba yake kama msichana. Kilichonisukuma hatimaye ni mkuu wangu mwenyewe. Alitaka uso ule uwekwe kwenye bango la kutangazia filamu. Nikauona ukutani kwetu, mkubwa kama mlango, na chini yake neno HUZUNI. Nilifungua droo nikamwekea kile kipande kwenye mashine atazame.

Alicheka nilipoingia kisimani mpaka akakohoa. Kisha akaelewa, na kicheko kikamwisha. Aliniuliza, "Na ulinyamaza mbele yangu?" Akanipa Landrova na dereva, akasema nisirudi kabla ya kumaliza.

Nilikiunganisha kipande kile na kicheko cha Nakiru kama vilivyokuwa, bila kukata hata picha moja, nikaenda Kakuma. Mzee Ekal akatuma watu Lokiriama, na Nakiru akaja na baba yake, kwa maana mke aliyefukuzwa harudi kwa miguu yake tu, wazee lazima wakae. Walikaa, watu wakajaa kama mara ya kwanza, na mimi nikawasha projekta.

Wakaniona. Nikienda kinyumenyume, kidevu juu, napunga mkono kama bwana mkubwa. Wakaniona nikizama, miguu juu. Wakamwona Nakiru anacheka, wakaona anacheka nini, wakaona mkono wake ukininyanyua na kiganja chake kikinifuta tope. Kakuma nzima ilicheka. Walianguka mchangani, wakaomba nirudie, nikarudia, wakaomba tena. Nilisimama pale kwenye mwanga nikichekwa na watoto na bibi zao, na ninakuapia sijapata kuona kitu chepesi kama kile nilichokuwa nimekiogopa.

Apalokwang alicheka pia. Alitazama upande aliokaa mkewe. Akainuka, akaenda kuketi chini mbele ya baba mkwe wake, akasema naye kwa sauti ndogo kwa muda. Nakiru alirudi kwake siku hiyo hiyo.

Mimi nilikuwa namtazama Nakiru. Watu wote walipokuwa wanacheka, yeye alikuwa ameuvuta upande wa vazi lake, amefunika mdomo.

Baadaye nilihamia huku, nikaoa huku, nikazeekea huku kama unavyoniona. Nilikutana na Nakiru mara nyingi, alipokuja Lodwar kwa matibabu au mimi nilipopita Kakuma. Alinisalimia vizuri, ejok, akaniuliza habari za watoto. Alikuwa amenisamehe, alisema hivyo bila mimi kuomba. Lakini kila palipotokea la kuchekesha, mkono wake ulipanda mdomoni kabla kicheko hakijatoka, na kilichotoka kilikuwa pumzi tu. Wajukuu zake walikulia nyumba ile hawakijui kicheko cha bibi yao. Alizikwa mwaka wa juzi. Kile kipande cha filamu kimo kwenye mkebe chini ya kitanda changu, na mwezi uliopita niliufungua. Kinanuka siki, kimegandamana kote, hakuna mashine itakayoweza kukipitisha tena. Ndipo mahali pa mwisho Nakiru alipocheka.

Basi, mwanangu, haya ndiyo mafunzo uliyoyafuata. Anza na picha ya mbali, watu wajue wako wapi, ndipo usogee karibu. Mtu akiangalia kulia, tuonyeshe kilichoko kulia. Pakiwa na pengo, weka uso. Hayo utayajua kwa wiki moja, hayana ugumu. Ugumu ni huu: kabla hujauweka uso wa mtu popote, jiulize siku ile alikuwa akiona nini kwa kweli, na kama huwezi kukionyesha, usimwazime macho yake. Usimwonyeshe mtu mahali ambapo hakuwepo. Kama sababu ya kicheko chake ni wewe, jiache humo humo ndani, na tope lako. Na ukikosea, sema taa ya projekta ikiwa bado inawaka, watu wakiwa bado wamekaa. Mimi nilisema mvua ilipokwisha kunyesha, nikarudisha ndoa na sikurudisha kicheko.

Nenda sasa, jua limepoa. Akuj, Mungu wa huku, akunyeshee mvua ya kiasi, akupe mifugo ya kukutambulisha kwa watu na macho yasiyo na haraka. Mikono yako iunganishe watu kuliko inavyowatenga. Na siku utakayoanguka kisimani, maana utaanguka, awepo mtu karibu wa kukucheka kwa sauti kubwa na kukunyooshea mkono.